Kigoda cha Mwanabibi

Siku waliyomkalisha Zuena kwenye kigoda cha marehemu bibi yake na kumpaka unga kwenye paji la uso, mtoto alikuwa na miaka tisa, na gotini alikuwa na kidonda kibichi alichokipata akicheza. Mama yake, Hajira, alikuja kukikumbuka kidonda kile baadaye, tena mara nyingi. Siku hiyo alikiona tu, akakifunika kwa kaniki mpya.

"Kuanzia leo hapa hakuna Zuena," akasema Kaimu, kaka yake Hajira, mjomba wa mtoto. "Hapa yuko Mwanabibi. Mama yetu amerudi kukaa."

Akapiga magoti mbele ya mtoto, yeye mwanamume mzima mwenye ndevu, akamwamkia shikamoo. Zuena akamtazama mama yake kuuliza afanye nini. Hajira akamtikisia kichwa. "Marahaba," mtoto akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Ndiyo mila yenyewe. Mtu akifa, jina lake halitupwi. Hutafutwa mtu wa ukoo akalivaa, na tangu hapo ukoo humwita kama ulivyomwita marehemu. Aliyekuwa akimwita mama, atamwita mama. Na neno lake litasikilizwa kama lilivyosikilizwa la yule aliyelala. Si jambo la mchezo, na zamani halikuwa la mtoto. Jina la bibi Mwanabibi lilikuwa la Mwamina, dada mkubwa wa Hajira, mwanamke wa makamo, aliyekwisha kuzaa na kuzika, mwenye mabega ya kulibebea.

Lakini Mwamina alikuwa wapi? Hapo ndipo pa kuanzia, na wasioanzia hapo wanadanganya.

Wazungu waliokuja Nachingwea kulima karanga kwa mashine waliandika kila kitu. Waliandika idadi ya trekta, urefu wa minyororo, ekari zilizolazwa kwa siku. Mnyororo mmoja, mnene kama paja la mtu, trekta mbili zikiuvuta huku na huku, na msitu ukilala chini kama nyasi. Hayo yote yameandikwa. Hakuna aliyeandika kwamba katikati ya ekari zile palikuwa na nyumba kumi na nne za ukoo huu, mihogo ya mwaka wa pili, na makaburi. Walipewa siku saba. Mwamina na mumewe wakaelekezwa upande wa Mbwemkuru. Hajira, Kaimu na mama yao mzee wakaelekezwa Chunyu, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyejua mvua yake. Ukoo uliokuwa ukiitana kwa sauti tu, mmoja akiwa uani kwake na mwingine uani kwake, ukakatwa vipande kwa asubuhi moja.

Bibi Mwanabibi hakumaliza masika mawili Chunyu. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akitazama upande walikotoka, mpaka siku moja hakuweza kukaa. Na mito ilikuwa imejaa, mjumbe aliyepelekwa Mbwemkuru akarudia njiani. Mwaka ulipotimia, mito ikajaa tena. Kaimu akaogopa. Akasema jina limelala chini siku nyingi mno, ndiyo maana mtama umeota ukungu, ndiyo maana mume wa Hajira yuko kama alivyo. Wa damu ya kike aliyekuwepo, mbali na Hajira mwenyewe ambaye kwa mila mdogo hawezi kumruka dada yake aliye hai, alikuwa Zuena.

Wakamvika.

Mwanzoni mtoto alifurahi, na nani asingefurahi? Alitengewa chakula wa kwanza. Alipewa paja la kuku. Hakuna aliyemtuma maji, hakuna aliyemgombeza. Watoto wenzake walikatazwa kumvuta wala kumpiga. Wakacheza mbali naye, wakimkejeli kwa heshima ile ile waliyoamriwa.

"Shikamoo bibi! Bibi, njoo turuke kamba!"

"Mwache, atavunjika kiuno!"

"Bibi, meno yako yamekwenda wapi?" Na kweli jino lake moja la mbele lilikuwa limeng'oka, likawa ndiyo kwanza linaota.

Zuena alicheka nao siku za kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaacha kwenda. Akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani.

Na Hajira akapata mahali pa kutua mzigo wake.

Mumewe, Adinani, alikuwa kibarua wa karanga huko huko Nachingwea. Kazi yake ilikuwa kufuata nyuma ya mnyororo na shoka, kukata mizizi iliyokataa kutoka. Yaani walimchukua mtu mwenyewe wakamfanya ang'oe mashina ya kwao. Alikuja nyumbani kila baada ya wiki nyingi, masikio yanavuma, hasemi. Akisemeshwa, anapiga kelele kana kwamba trekta iko chumbani. Siku nyingine aliwafukuza watu wote, akalala barazani mchana kutwa, uso ukutani. Yule Adinani aliyekuwa akiimba akipalilia hakurudi hata mara moja.

Hajira hakuwa na wa kumwambia. Dada yuko Mbwemkuru, mama yuko kaburini. Lakini mama si amerudi? Alasiri moja akipepeta mtama alijikuta anasema, "Mama, mimi nimechoka." Aliposema hivyo, machozi yakamtoka, na mkono mdogo ukaja ukamshika kichwani, kama mama yake alivyokuwa akimshika.

"Pole mwanangu," akasema Zuena.

Tangu siku hiyo Hajira hakunyamaza. Akichambua mboga, akitwanga, akifua, alimwaga. Kwamba Adinani alimsukuma. Kwamba akiba ya mtama haitafika mavuno. Kwamba siku nyingine hutamani alale asiamke. Mambo ambayo mwanamke humwambia mama yake peke yake, alimwambia mama yake, na mama yake alikuwa na miaka tisa. Naye aliitikia vizuri, maana alikuwa mtoto msikivu na bibi ndiye aliyemlea. Alijua maneno yote ya bibi na mahali pa kuguna.

Hajira akapata nafuu. Akaanza kunenepa kidogo. Majirani wakamwambia uso umerudi.

Mmoja tu hakusema hivyo. Magreti, mwanamke wa Kimakua aliyevuka Ruvuma na mumewe miaka ya nyuma, Mkristo, mdomo hauna kifuniko. Yeye tangu mwanzo alikataa kumwita Zuena bibi.

"Mama Zuena," akamwita Hajira kisimani siku moja, makusudi, mbele za watu.

"Usiniite hivyo, unajua."

"Nitakuita hivyo mpaka nife. Ule mkeka unaouanika nyuma ya nyumba kila asubuhi, wa nani?"

"Mkeka gani?"

"We Mmwera, unaniuliza mimi mkeka wa nyumba yako? Mtoto anauosha kabla hujaamka. Anakojoa. Miaka tisa, na alikuwa ameacha. Na vidole vyake umeviona? Amevitafuna mpaka nyama."

Hajira akatia maji kwenye mtungi kwa nguvu hata yakamwagika. "Watu wazima hukojoa wakizeeka. Mama mwisho wake alikuwa hivyo."

Magreti akatua mtungi wake. "Mungu wangu," akasema polepole. "Unaamini kweli."

"Ninyi wa ng'ambo hamjui mila zetu."

"Mila zenu nazijua, zetu hazipishani sana nazo. Sisi jina tunalitia juu ya mtu mzima. Juzi mtoto ameniuliza, 'Mama Magreti, mimi nikifa, hili jina atavaa nani?' Nikamwambia kafie mbali huko, nikidhani utani. Hakucheka. Anataka kujua, kwa sababu anaogopa hakuna mwingine."

Hajira alikasirika, akajitwisha mtungi wake, akaenda. Njiani alijiambia kwamba Magreti ana wivu. Lakini neno lile halikumtoka. Maana na yeye alikwisha kuulizwa swali hilo hilo, wiki mbili nyuma, akalifurahia. Aliona kweli mama yake ndiye anasema, anapanga mambo yake kama watu wazima wanavyopanga.

Wiki ile ile Adinani akaja. Safari hii hakuja kupumzika. Waliokuwa wakisifu karanga walikuwa wameanza kupunguza watu; udongo umekataa, mvua imekataa, na watu waliong'olewa kwa ajili yake hakuna aliyewaambia rudini kwenu. Adinani alikaa barazani siku mbili bila kula. Siku ya tatu, mchana, alichukua chungu cha mboga kutoka mekoni akakibamiza ukutani. Zuena akainuka kwenye kigoda, akasimama kati ya baba yake na mama yake, akatanua mikono.

"Mkwe wangu," akasema, "mwache mwanangu."

Adinani akatazama kile kitu kidogo kilichomwita mkwe. Akaanguka chini, akalia kama ng'ombe. Na Hajira, badala ya kumshika mtoto, akamwangukia magotini.

"Mama, umeona! Sisi tumekwisha. Waombe wenzako waliolala kule Nachingwea watusaidie. Wewe uko karibu nao. Waombe, mama!"

Asubuhi yake kigoda kilikuwa kitupu.

Adinani alikimbilia mtoni, Kaimu akaelekea mashambani. Hajira hakuuliza mtu. Alijua. Alishika njia ya Nachingwea akikimbia, khanga kifuani, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali alipouona mgongo mdogo umekaa kwenye mchanga wa kijito kikavu. Pembeni palikuwa na kifurushi: unga wa mtama uliofungwa kwenye jani, na kipande cha kaniki. Unyayo wake mmoja ulikuwa umechanika.

Hajira akasimama mbali kidogo, anahema. Aliogopa kumkaribia kama mtu aogopavyo kumwamsha mgonjwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wenzangu," akasema Zuena bila kugeuka. "Umeniambia niwaombe. Nimechukua unga."

"Ni mbali. Ni siku mbili."

"Najua. Lakini mwanangu, mimi siwajui majina." Sasa aligeuka. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa mkavu, umechoka kama uso wa mtu aliyepalilia tangu alfajiri. "Bibi alikuwa ananitajia majina yao nikalala katikati. Sikuyashika. Na yale unayoniambia wewe, siku zote nayaweka lakini ni mengi, mengine yananitoka. La baba kukusukuma nimeliweka. La mtama nimeliweka. La wewe kutaka kulala usiamke nimeliweka, hilo ndilo kubwa, nalishika kila siku ili lisitoke likatokea kweli. Nikilala usingizi linatoka. Ndiyo maana silali." Akakivuta kifurushi karibu. "Usikasirike. Nitajitahidi, mwanangu."

Hajira akakaa mchangani. Akaona kila kitu kwa mara moja: mkeka, vidole, macho mekundu aliyodhani ni ya uzee. Wazungu wa karanga walikuwa wamechukua shamba, kaburi, na akili ya mume. Hayo aliyajua, na hayo atayakumbuka mpaka mwisho. Lakini huyu hawakumchukua wao. Kwa huyu hakukuwa na mnyororo wala trekta. Huyu walimkalisha kwenye kigoda wenyewe, kwa vigelegele.

Akamfunga unyayo kwa ile kaniki. Akambeba mgongoni, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, na njia nzima hakumwambia neno hata moja la shida yake.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Kaimu.

Kaimu alikuwa amerudi kutoka mashambani, amekaa kwenye kizingiti, jasho linamtiririka. Alipowaona alisimama haraka. "Shikamoo mama. Tumekutafu—"

"Usimwamkie," akasema Hajira.

"Una wazimu?"

"Kaka, vua jina kwenye mtoto wangu. Leo."

"Jina si kaniki ya kuvaliwa na kuvuliwa. Unataka kumfukuza mama yako? Umfukuze mara ya pili? Mara ya kwanza hazikutosha zile trekta?"

"Dada Mwamina yuko hai. Mito imekauka, nimetoka kukaa kwenye mmoja sasa hivi. Jina ni lake."

"Watu watasema nini? Mjomba mtu alikosea?"

"Ndiyo, waseme. Ulikosea. Na mimi nilikosea zaidi, maana nilimnyonya huyu mtoto mpaka mfupa." Akamshusha Zuena taratibu, akamwambia akakae kivulini kwa mke wa Kaimu. Mtoto alipokwenda, akapunguza sauti. "Nikuulize, na uniambie kweli. Kila Ijumaa unakuja kwangu unakaa naye nyuma ya nyumba. Unamwambia nini?"

Kaimu akageuza uso. Akakuna ndevu. Huyu ndiye aliyewaongoza watu siku ile ya kuhama, akiwa mbele, akiwaambia twendeni, tutapata kwingine, hakuna kulia. Na kweli hakuna aliyemwona akilia.

"Namwambia..." akasema. "Namwambia anisamehe sikulilinda kaburi la baba. Kwamba nilisimama pembeni nikatazama lile jembe la mashine linapita."

"Naye anakujibu nini?"

"Ananiambia, 'Nimekusamehe mwanangu, nenda ukale.'"

"Miaka tisa, Kaimu."

Kaimu akakaa chini. Akaziba uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Hajira akakaa kando yake. Hapo, mtu mzima mbele ya mtu mzima mwenzake, wakalia kile walichokuwa wanakipeleka kwa mtoto.

Kesho yake Kaimu mwenyewe alifunga safari kwenda Mbwemkuru.

Mwamina alifika siku ya tano, kwa miguu, na kuku kwapani. Mwanamke mpana, amekonda usoni lakini hajakonda sauti. Hakutaka kupumzika. Walikusanyika wachache: Adinani, aliyekaa nyuma kabisa lakini alikaa, na Magreti, aliyealikwa na Hajira mwenyewe. Kaimu alisimama akasema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwamba aliogopa. Ni maneno machache, ila kuna wakubwa wenye ofisi na bendera ambao hawajawahi kuyasema mpaka leo.

Zuena aliambiwa ainuke. Akainuka, akakiinua kigoda kwa mikono miwili, akakipeleka kwa mama yake mkubwa. Hakukiachia.

"Nilifanya vibaya?" akauliza.

"Vibaya wapi? Ulinishikia mahali pangu mimi nikichelewa njiani." Mwamina akakivuta kigoda, akakaa, kikalia kwa uzito wake. "Lo! Chenyewe kidogo hiki. Nani alikuambia makalio ya bibi yako yanaenea hapa?"

Watu wakacheka. Zuena hakucheka, lakini alimtazama mama yake kwa jicho la pembeni, kama anauliza kama inaruhusiwa.

Unga ukafutwa kwake kwa maji, ukapakwa kwa Mwamina. Kuku akachinjwa. Zuena akapewa shingo, fungu la watoto.

Mtu asidhani yaliisha hapo. Mkeka uliendelea kuanikwa, ila sasa aliuanika Hajira, bila kusema. Adinani hakupona, lakini alianza kwenda shambani na Kaimu, na akizidiwa alimwita Kaimu, si mtu mwingine. Hajira naye aling'ata ulimi mara kumi kwa siku. Shida yake ikimpanda kooni alichukua mchi akaenda kutwanga kwa Mwamina, aliyekuwa amehamia Chunyu na mumewe, au kwa Magreti. Zuena alipouliza, "Baba ana nini?" alijibiwa, "Baba anaumwa moyo kwa yaliyompata. Wakubwa tunamtunza. Si kazi yako." Alijibiwa hivyo hivyo kila alipouliza, na aliuliza mara nyingi.

Wiki ya tatu alionekana amesimama karibu na wanaoruka kamba. Hakuruka.

Kisha asubuhi moja, akitoka kisimani, akakimbizana na mtoto wa Magreti na mtungi ukiwa kichwani. Mtungi ukaanguka mlangoni, ukavunjika vipande. Ulikuwa mtungi uliotoka Nachingwea, wa mwisho.

"Zuena!" Hajira akafoka kutoka mekoni. "We mtoto, huna macho? Nimekwambia mara ngapi usikimbie na maji!"

Alipokwisha kusema ndipo aliposikia alichosema. Tangu siku ya kigoda hakuna aliyekuwa amemgombeza. Zuena alisimama katikati ya maji na vigae, mdomo wazi, anamtazama mama yake. Hajira akaogopa.

Mdomo wa mtoto ukapinda. Ukapinda tena. Halafu ikatoka sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, kubwa, ya tumboni, ya mtoto.

"Bibi! Namtaka bibi! Bibi yangu!"

Siku ya mazishi hakulia hata kidogo. Walisema bado mdogo, hajui. Mwaka ulipotimia wakamwambia yeye ndiye bibi, na nani humlilia mtu ambaye ni yeye mwenyewe? Sasa alilia yote. Alikaa kwenye matope akapiga miguu. Hajira akakaa matopeni naye, akamshika.

Mwamina akatoka mbio kwake. Mila ilikuwa wazi: anayeitwa ndiye yeye, jina analo, ajibu. Akainama, akanyoosha mikono. "Mimi hapa mjukuu wangu, bibi—"

Hajira akamzuia kwa mkono.

"Mwache, dada. Anayemlilia amekufa."

Zuena akanyamaza kidogo, kamasi zinamtoka. "Amekufa?"

"Ndiyo, mwanangu. Bibi yako amekufa."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

Akalia tena, kichwa kifuani kwa mama yake, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Watoto wakakusanyika wakatazama, wakachoka, wakaenda kucheza. Vigae vilikaa pale pale mpaka jua lilipokausha maji.